Siku Kumi za Unga wa Manjano

“Kwa hiyo jua nalo mmeliwekea uzio,” Dobi alisema, shuka bichi begani likimchuruzikia maji mpaka kwenye ndala. “Kesho mtatuambia upepo nao ni wa ukoo wenu.”

“Shemeji, sijasema jua ni langu. Nimesema mashuka yako yanamtia kivuli mtoto.”

“Mtoto gani? Mimi naona sanduku.”

“Sanduku la mtoto.”

“Basi sema sanduku. Usinizungushe kama nimekuja kuposa.”

Tulikuwa juu ya paa, saa tatu asubuhi, kila mmoja upande wake wa ukuta unaotenganisha nyumba yake na yangu. Nyumba zetu zimebanana kiasi kwamba mapaa yake ya zege yamekuwa kama uwanja mmoja, na ukuta wenyewe unafika kiunoni tu. Huku kwangu kuna tangi la maji na makorokoro ya mume wangu, na tangu jana yake, sanduku la kioo la binti wa dada yangu. Kule kwake kuna kamba. Kamba sita, miaka kumi na moja, mashuka ya nyumba za wageni na mashati ya watu wa ofisini, kila siku isipokuwa ya mvua.

Jina lake analo, lakini ukiliuliza mtaani hakuna atakayekuonyesha nyumba. Ni Dobi. Mimi ananiita shemeji kwa sababu yeye na mume wangu walicheza karata mpaka wakaanza kuitana ndugu, nikajikuta nimepata shemeji bila kuulizwa. Wengine wote wananiita Redio, na sikatai. Nina cherehani ukumbini, nina wapangaji wawili, nina mlango usiofungwa mchana; habari zenyewe zinaingia na kuketi kabla sijazikaribisha.

“Kamba ni zangu na ziko kwangu,” Dobi akaendelea. “Kivuli kikivuka ukuta, kishtaki kivuli.”

“Nitakushtaki wewe kwa ndugu yako.”

“Ndugu yangu jana nimemfunga mara nne. Hana sauti.”

Nikaona mzaha hautanifikisha popote. Nikausogelea ukuta, nikashusha sauti, jambo ambalo kwangu si la kawaida, na nadhani ndilo lililomfanya anisikilize.

“Dobi, yule mtoto amepewa siku kumi. Siku kumi za jua la saa tatu mpaka saa tisa, bila kukatika. Kivuli kikiingia, au hayo maji yakikauka, mwaka wake mzima umeyeyuka, na kazi yake nayo. Sikutishi. Nakwambia kama navyojiambia mwenyewe usingizi ukinipotea.”

Akalitazama sanduku. Akaligeuza shuka kutoka bega la kushoto kwenda la kulia.

“Lina nini humo ndani?”

“Unga.”

“Unga tu?”

“Unga, gundi, kioo na maji.”

“Na kwa unga huo mimi nihame,” akasema. Lakini alikuwa ameshaanza kufungua fundo la kamba ya kwanza.

Alizihamishia kamba zote sita upande wa nyuma wa paa lake, kule ambako moshi wa majiko ya nyumba ya tatu unapanda moja kwa moja. Jioni ile nilimwona akinusa shuka moja moja, mengine akiyarudisha kwenye beseni. Hakusema kitu kwangu. Kwa mume wangu alisema mengi, na mume wangu, ambaye akiongea maneno kumi kwa siku hulala amechoka, alinifikishia matatu: “Dobi anafua mara mbili.”

Sasa niseme hilo sanduku ni nini, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa, na binti yetu ana subira ya kuelezea kuliko walimu wote walionifundisha kwa miaka michache niliyokaa darasani. Namwita mwanangu kwa sababu ni mwanangu. Dada yangu alipofariki alikuja kwangu na begi moja na vitabu viwili, na mimi ndiye mama yake mdogo. Anafanya kazi kwenye maabara ya chuo. Wanatafuta namna ya kupata gesi ya haidrojeni, ambayo ni fueli safi, ukiichoma inarudi kuwa maji, na wanataka kuitoa kwenye maji hayo hayo kwa mwanga wa jua tu. Bila umeme, bila moto. Maji ni haidrojeni na oksijeni zilizoshikana. Kazi ni kuziachanisha, na kinachoziachanisha ni unga wa manjano ambao wao wanauita kichocheo.

“Kichocheo ni kama mshenga,” aliniambia siku ya kwanza, tukiwa tunachambua mchele. “Yeye ndiye anafanya jambo litokee, lakini yeye mwenyewe haolewi.”

“Huyu wako ni mshenga wa kuvunja ndoa.”

“Ndiyo, mama mdogo. Anavunja ndoa za maji. Halafu anabaki vilevile, anangoja ndoa nyingine.”

“Watu wa hivyo hapa mtaani tunao, na hawahitaji jua.”

Unga ule ukiwa huru ndani ya chupa ya maji ulifanya kazi vizuri. Taabu ilianza walipoubandika kwa gundi kwenye bamba la kioo, ili siku moja mtu aweze kuutandaza juu ya paa kama anavyotandaza bati. Ukishabandikwa ulikuwa mzembe. Mwaka mzima wakabadilisha gundi, wakapunguza gundi, wakachemsha gundi. Wenzake wakaanza kusema gundi inauziba unga, bamba halina maana, warudi kwenye chupa. Na bamba ndiyo kazi yake yeye. Bamba likitupwa naye hana pa kukaa. Mkuu wa maabara, ambaye wao wanamwita Dokta, ndipo akakata shauri: lipelekwe kwenye jua la kweli, siku kumi. Likifika mstari wa arobaini, wanaendelea. Lisipofika, basi.

Mstari ni wa mrija wa kioo uliosimamishwa kichwa chini ndani ya beseni. Viputo vinatoka sandukuni kwa bomba jembamba, vinapanda ndani ya mrija, vinasukuma maji chini. Pembeni inaning’inia chupa ya kulijazia sanduku maji, na maji yenyewe yanatoka maabara, yamechujwa mpaka hayana hata chumvi. Yeye huijaza chupa asubuhi kabla hajaenda kazini. Mimi nilipewa kazi ya kusoma mrija saa tisa na kuandika kwenye daftari. Gesi yenyewe kwa siku haijazi hata puto la mtoto, lakini nilijifunika kanga kichwani kila nilipopanda, isije ikanirukia.

Siku ya kwanza, thelathini na moja. Ya pili, thelathini na tatu. Ya tatu, thelathini. Niliandika kwa mwandiko wangu mkubwa, na kila jioni niliona anavyolisoma daftari: anatabasamu kwanza kwa ajili yangu, kisha tabasamu linaisha kabla hajalifunga. Siku ya nne nilishawishika kuisoma ile thelathini na mbili nikiwa nimeinamisha shingo, ikaonekana thelathini na tano. Nikainyoosha shingo.

Ya tano, thelathini na moja tena. Usiku huo alikula nusu sahani, na nyumbani kwangu nusu sahani ni habari ya kujadiliwa.

Siku ya sita jua lilikuwa la kuchoma kweli, na maji ya bomba yalikatika mtaa mzima tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimeitwa kuona mtoto mchanga nyumba ya nne, na mwenye mtoto alikuwa na kisa kirefu kuhusu mama mkwe wake, kisa ambacho huwezi kukiacha katikati bila kumvunjia mtu heshima. Niliporudi ilikuwa saa tisa kasoro. Nikapanda mbio, nikasoma.

Hamsini na nne.

Nikafuta macho kwa kanga. Nikasoma tena, nikaandika. Siku ya saba, themanini na nane.

Naomba nieleweke. Mtu ambaye mwanawe analala na nusu sahani, akisoma themanini na nane hawezi kushuka ngazi kimya. Nilimwambia fundi viatu kwa sababu alikuwa wa kwanza kupita. Nilimwambia msusi kwa sababu nilikuwa na nguo yake mkononi. Muuza mkaa sikumwambia mimi. Aliambiwa na msusi. Habari iliporudi kwangu saa kumi na mbili, binti yangu alikuwa ameshaendesha lori kwa maji kutoka chuo mpaka sokoni, na serikali ilikuwa inamtafutia nyumba.

Yeye mwenyewe aliposoma daftari hakuruka. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavuta gesi kidogo kwa sindano kutoka kwenye mrija, akaifunga vizuri ili kesho yake aipeleke kwenye mashine yao inayoitambua gesi.

“Hufurahi?” nikamuuliza.

“Nafurahi, mama mdogo. Naogopa tu kufurahi haraka.”

Siku ya nane alirudi mchana, saa ambayo hajawahi kurudi. Nilimwona mlangoni nikajua. Akapanda moja kwa moja juu, nami nyuma yake na futi ya kupimia shingoni.

“Haidrojeni ipo,” alisema. “Ipo tele. Oksijeni hakuna.”

“Si haidrojeni ndiyo mnaitafuta?”

“Maji ukiyavunja, mama mdogo, unapata vyote viwili. Kila vipimo viwili vya haidrojeni, kimoja cha oksijeni. Haiwezekani ukapata mmoja wa wanandoa na mwingine akapotea. Hapa hatukuvunja maji. Kuna kitu kimeingia sandukuni, unga unakula hicho badala ya maji, kwa sababu ni rahisi zaidi.”

Kule ng’ambo ya ukuta, nyuma ya mashuka, nilisikia beseni likisogezwa.

Sasa nitasema nililolisema, maana nikilificha nitakuwa nawasema wengine na kujiacha mimi. Nilimwambia, “Dokta wako anataka mstari. Mstari upo kwenye daftari, kwa mwandiko wangu. Hukudanganya mtu. Andika ulichokiona kwenye mrija, nyamaza kuhusu hiyo mashine.”

Alinitazama, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

“Halafu miezi sita mbele wanalijenga bamba kubwa, linatoa thelathini na moja. Watakuja kuniuliza mimi.”

“Miezi sita ni mingi. Utakuwa umeshajua la kufanya.”

“Mama mdogo.”

“Nimenyamaza.”

Akainama kwenye chupa ya maji, akaigeuza polepole. Pale bomba linapoungana na chupa, upande wa nyuma usioonekana mtu akiijaza, kulikuwa na uzi mweupe umezungushwa mara nyingi na kufungwa kwa fundo dogo zuri.

“Uzi huu umefunga wewe?”

Mimi nafunga uzi tangu nina miaka kumi na minne, lakini fundo lile silo la mshonaji. Nikafungua kinywa niseme sijui.

“Ni mimi,” Dobi akasema.

Alikuwa amesimama ukutani, mikono mitupu, mikunjo ya vidole imepauka kwa sabuni. Wala hatukuwa tumemwita. Angeweza kukaa nyuma ya mashuka yake mpaka tushuke, na mimi ningekula kiapo kwamba ni paka.

“Juzi mchana, ile siku ya joto,” alisema, akimtazama binti na si mimi. “Nilikuja kuchungulia. Nikaona chupa inadondoka pale kwenye bomba, tone, tone, imebaki kidole kimoja. Nikakuita shemeji, hukuwepo. Ulikuwa umeniambia yakikauka mwaka wa mtoto umekwisha. Nikafunga uzi. Bomba la maji limekatika, kwangu nina maji ya beseni moja tu. Nikachota kikombe juu juu, pale palipotulia. Yalikuwa safi, mwanangu. Mimi maji machafu nayajua.”

“Beseni la nini, mjomba?”

“La wanga. Wa kola.”

Wasioishi jirani na dobi huenda hawajui: mashati ya ofisini, baada ya kufuliwa, hupitishwa kwenye maji ya wanga uliochemshwa, kola isimame. Ukiyaacha yatulie, juu yanang’aa kama ya kunywa. Na mtu aliyekaa miaka thelathini kwenye mabeseni hawezi kukiona chombo kinakauka akapita. Ni kama mimi na mshono uliofumuka mgongoni mwa mtu nisiyemjua. Mkono unakwenda wenyewe.

Hayo nayasema leo. Siku ile nilisema mengine. Nilimwambia Dobi kwamba amemfulia mtoto kazi yake mpaka ikapauka, kwamba angeuliza hata mume wangu aliyekuwa amelala chini, kwamba mwenye kiherehere apewe mke ashughulike naye. Nilikuwa bado natafuta la nne binti aliponishika mkono.

“Mjomba, kikombe kipi?”

Dobi akatoka, akarudi na kikombe cha bati.

“Kilijaa?”

“Mpaka hapa.”

“Na wanga unaweka kiasi gani kwa beseni?”

“Vijiko vitatu, vya kujaa. Mwanangu, nitakwenda nikamwambie mwenyewe mkubwa wako. Kosa ni langu.”

“Nipatie wanga huo huo kwenye chupa. Na kijiko chako.”

Dobi akanitazama. Nikajua anawaza nilichowaza mimi, kwamba ni ushahidi wa kupelekwa mahali. Lakini alileta. Alileta na kijiko, kimefutwa.

Binti aliketi tena juu ya ndoo yake, daftari magotini, akapiga hesabu. Kisha akaanza kueleza, nadhani kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili yetu.

Unga, alisema, una mikono miwili. Mmoja unatoa haidrojeni, mwingine unatoa oksijeni, na hufanya kazi kwa pamoja kama watu wawili wanaokamua shuka: mmoja akizembea, mwenzake anasubiri. Mkono wa oksijeni ndio wenye kazi ngumu. Kikombe cha Dobi kiliupa mkono huo kazi nyepesi, kula wanga, na ulipopewa kazi nyepesi mkono wa haidrojeni ukakimbia mpaka themanini na nane. Juu ya bamba. Na gundi ikiwa pale pale.

“Kwa hiyo gundi haizibi kitu,” alisema polepole. “Ingekuwa inaziba, hata wanga usingesaidia. Tatizo ni mkono wa pili.”

“Hiyo ni habari nzuri?” Dobi akauliza.

“Sijui kama Dokta ataiona nzuri. Alitaka mstari. Mstari sina.”

Aliliosha sanduku mara tano kwa maji ya maabara, na siku ya tisa asubuhi mrija ukaanza kupanda kama zamani, kwa uvivu ule ule. Saa sita aliusoma mwenyewe, maana aliomba ruhusa kazini: mwendo wa thelathini na moja. Kisha akapima wanga kwa kijiko cha Dobi, robo ya robo, akautia kwenye chupa. Mpaka saa tisa gesi ilikuwa imekuja kwa mwendo wa themanini na tano. Akaandika vyote, na juu ya siku ya sita na ya saba akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba zisihesabiwe, na kwa nini.

Mimi siku hiyo nilikuwa na kazi yangu. Nilianza kwa fundi viatu. “Lile lori,” nikamwambia, “halipo.” Akauliza limepata ajali. Kwa msusi ilinibidi nikae mpaka kichwa kizima kisukwe, maana wateja wawili walitaka kujua kama nyumba ya serikali nayo haipo. Sijawahi kutembea mtaa ule nikirudisha habari nyumba kwa nyumba. Ni kazi nzito kuliko kuzipeleka, na hakuna anayekupa kiti.

Siku ya kumi Dokta alikuja. Nilikuwa nimemwandalia kichwani mwanamume mrefu wa miwani. Akaja mama mfupi wa umri wangu, kandambili miguuni, mkoba umekatika mkanda. Nikamvua mkoba huo kabla hajamaliza salamu, nikaupeleka kwenye cherehani. Alipanda juu na binti. Nami nikapanda, nikiwa na mkoba na sindano, kwa sababu mwanga wa juu ni mzuri zaidi kwa kushona, na atakayebisha abishe. Upande wa pili Dobi alikuwa akianika. Shuka moja lilikuwa linaanikwa kwa muda mrefu sana.

Dokta alisoma daftari lote, tangu mwandiko wangu mpaka kalamu nyekundu. Hakuwa mtu wa kusoma kwa midomo.

“Hukufika arobaini,” alisema.

“Sikufika.”

“Na hizi za themanini ulikuwa nazo Jumanne. Ungeweza kuniletea.”

“Ni za wanga, Dokta.”

Nilijidunga sindano. Dokta akafungua ukurasa wa siku ya tisa, akakaa hapo.

“Kipimo hiki cha kuupa mkono wa pili kazi nyepesi tulikifanya zamani,” alisema, “unga ukiwa huru kwenye chupa. Tulipoubandika hakuna aliyerudi kukifanya. Hata mimi.” Akacheka kidogo, kwa puani. “Tumempima mtu homa akiwa mchanga, tumeishi na jibu hilo mpaka ameota ndevu. Mwaka mzima tunaisingizia gundi.”

“Ina maana mtatumia wanga?” nikauliza, maana hakuna aliyekuwa anauliza.

“Hapana, dada. Tukichukua chakula cha watu kutengeneza gesi tutakuwa hatuna akili. Tunataka maji. Lakini sasa tunajua pa kugusa.” Akamgeukia binti. “Mwaka siwezi kukupa. Miezi minne. Uache gundi kama ilivyo, utie punje za madini mengine kwenye unga, upande wa oksijeni, uone mkono ule ukiamka. Bamba linabaki, na wewe nalo. Ripoti iandike hivi hivi, na wekundu wake. Usiipambe.”

Binti alisema asante kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akageuka kulifuta sanduku ambalo halikuwa na vumbi. Nilimpa Dokta mkoba wake na kumwambia chakula kiko tayari, na kwamba kwangu mgeni haondoki na mkoba mzima na tumbo tupu. Hakujitia kukataa. Nilipowafikisha chini mume wangu alikuwa ameshapanga sahani, wapangaji wote wawili wamejibana upande mmoja wa mkeka, na msusi, ambaye alikuwa “anapita tu”, anapakua wali. Mume wangu alimkaribisha Dokta kwa maneno sita, sikumbuki lini mara ya mwisho nilisikia mengi hivyo kwa mpigo.

Nikahesabu sahani. Nikapanda tena juu.

Dobi alikuwa palepale, ameshika ncha mbili za shuka kavu.

“Wamemfukuza?” akauliza.

“Hujasikia? Ulikuwa umbali wa mkono.”

“Shuka lilikuwa linapiga kelele. Nimesikia miezi minne. Nikasema labda ndiyo ya kuondoka.”

“Ya kubaki, shemeji. Amebaki na bamba lake. Wanasema kumbe gundi haikuwa na kosa.”

Akalikunja shuka mara mbili, akalifungua, akalikunja tena. Midomo ilikuwa inamcheza, lakini alikuwa anaitawala.

“Mimi nilidhani nimemmalizia mtoto wa watu,” alisema. “Siku mbili hizi sikula kitu kikashuka.”

“Nimeona. Hata karata hukuja. Ndugu yako ameshinda peke yake, akaringa mpaka nikamfukuza ukumbini.”

“Basi vizuri. Nimefurahi. Ngoja nimalizie hizi.”

“Umalizie nini, ni shuka moja, na unalikunja kama unalifundisha.”

“Nimelowa, shemeji. Na pale kuna mtu mkubwa wa chuo.”

“Huyo mtu mkubwa ameketi chini kwenye mkeka, ameuliza dobi yuko wapi, na binti amekataa kugusa sahani mpaka mjomba wake aje. Wali unapoa, msusi anautazama vibaya. Weka hilo shuka hapo, ruka ukuta, twende ukale.”